Mume, mke na hisa: maswali yenu

Mume wangu anasema wanawake waoga, ndiyo maana hatuchumi kwenye hisa. Kweli?

Nusu kweli. Wanaume hupenda zaidi hisa za kampuni ndogo, zile ambazo bei zake huruka sana. Kwenye faida ndipo anapokosea. Watafiti wa fedha Brad Barber na Terrance Odean walichambua akaunti za kaya zaidi ya 35,000 za kampuni moja ya udalali Marekani, Februari 1991 hadi Januari 1997. Wanaume walinunua na kuuza asilimia 45 zaidi ya wanawake. Kila kundi lilipimwa dhidi ya faida ambayo lingepata kama lingetulia na hisa lilizoanza nazo mwaka. Wanaume walijipunguzia pointi 2.65 za asilimia kwa mwaka, wanawake 1.72. Wote walipoteza, basi.

Tofauti ya 0.93 tu ndiyo ya kubishania?

Shilingi milioni 10 kwa asilimia 10 kila mwaka zinafika milioni 67.3 baada ya miaka 20. Kwa asilimia 9.07, milioni 56.8.

Nitajuaje kama nauza mno?

Andika thamani ya hisa zako kila mwisho wa mwezi. Jumlisha miezi 12, gawa kwa 12. Kisha chukua thamani ya yote uliyouza mwaka huo, uigawe kwa wastani huo. Kwa wanawake wa utafiti ule jibu lilikuwa asilimia 53, kwa wanaume 77. Ulichouza kulipa ada ya shule kitoe, hiyo ni haja. Ukihama hisa moja kwenda nyingine unalipa kamisheni mara mbili, na juu yake lipo pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji. Pengo hilo haliandikwi kwenye stakabadhi, kwa hiyo wengi hawalihesabu.

Tofauti hii ya wanaume na wanawake ni maumbile?

Utafiti wa 2009 ulilinganisha Wamaasai wa Tanzania na Wakhasi wa India, ambao ukoo wao hufuata mama. Kazi ilikuwa kutupia mpira kwenye ndoo. Kwa Wamaasai wanaume ndio waliochagua zaidi kushindana. Kwa Wakhasi, wanawake. Huko ni kushindana, si hisa, lakini mimi nisingeharakisha kulaumu damu.

Mimi zangu zote ziko akaunti ya muda maalumu. Niko salama?

Benki ikikupa asilimia 7 na bei za vitu zikipanda 5, umebaki na 2 hivi, kabla ya kodi. Fedha utakazohitaji ndani ya miaka mitatu ziache hapo. Za uzeeni zianze kuhamia mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye hisa, kiasi kilekile kila mwezi, bila kuchungulia bei kila siku.