Tuliligombania Daftari Bila Kulisoma

Nilikwenda shuleni nimefura. Mwanangu wa darasa la tatu, mpenzi wa hesabu tangu aanze kuhesabu vidole, alikuwa analeta nyumbani daftari limejaa alama za kukosa, ukurasa baada ya ukurasa. Moyoni nilishaamua: mwalimu hafundishi.

Mwalimu naye alikuwa na lake. "Mama, huyu siku hizi anachungulia kwa mwenzake. Nimemhamishia nyuma akae peke yake, na huko ndiko kaharibu zaidi."

Tungegombana, kusema kweli, lakini daftari lilikuwa wazi mezani. Swali la ubaoni lilikuwa 38 + 26. Yeye kaandika 33 + 20, akajibu 53. Mwalimu kamkosesha, ni haki yake. Ila 33 na 20 ni 53! Swali la pili vilevile. Hapo nikakumbuka ninavyomfokea kila jioni asiisogelee televisheni.

Kumbe mtoto haoni mbali. Mwalimu alikuwa na nusu ya habari, mimi nusu ya pili, na kila mmoja aliitumia yake kumlaumu mtoto. Miwani ilimaliza kazi. (Mara ngapi ameipoteza, tuyaache hayo.)

Tangu siku hiyo siulizi "umekuwa wa ngapi?" Nafungua daftari. Simfundishi upya, hapo wazazi wengi tunapotea, tunajifanya walimu wa zamu ya usiku, tunamwonyesha kugawanya kwa njia yetu ya zamani, asubuhi anakuta njia nyingine ubaoni. Namwacha anieleze alichofanya. Akikwama, namwandikia mwalimu mstari mmoja: hapa hajaelewa.

Piga hesabu mwenyewe: kipindi cha dakika 40, watoto 40, ni dakika moja kwa kila mtoto, na hapo mwalimu hajafundisha kitu. Atajuaje kwamba mtoto hakulala, au nyumbani kuna msiba, asipoambiwa nasi? Nasi pia hatuoni kila kitu. Mdogo wake nyumbani hanyamazi, darasani hafungui mdomo. Hilo nililipata kwa mwalimu wake.

Kwa hiyo usisubiri kikao cha wazazi, wala usisubiri kukasirika kama mimi. Nenda siku isiyo na shida. Niliporudi mara ya pili, mwalimu aliniona mlangoni akashtuka: "Kuna nini tena, mama?"

"Hakuna kitu, mwalimu. Nimekuja kusalimia."

Akanivutia kiti.