Kabla Hujachomeka Moduli ya Shaba: Niliyojifunza kwa Kuungua Vidole

Moduli ya kwanza ya shaba ya gigabiti 10 kwa sekunde niliyoichomoa kwenye swichi ya mtandao iliniunguza. Ilikuwa imekaa humo siku nzima ikifanya kazi, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kitu kinacholingana na kidole gumba kinaweza kuwa cha moto kiasi kile. Niliiachia, ikaanguka nyuma ya raki, lile kabati la vifaa vya mtandao, nikaitafuta kwa tochi hadi shingo ikauma. Tangu hapo, mtu mpya akijiunga nasi na kuniuliza anunue transiva gani ya shaba, yaani moduli kama hiyo, simtajii kampuni. Namuuliza kwanza swichi yake inapumuaje.

Tuelewane tunazungumzia nini. SFP (za gigabiti 1) na SFP+ (za gigabiti 10) ni vile vijisanduku vya chuma vinavyoingia kwenye matundu ya swichi, na vingi ni vya fiba. Vya shaba viko vya namna mbili. Kuna moduli yenye tundu la RJ45 mbele, unachomeka kebo ya mtandao ya kawaida. Halafu kuna DAC, kebo fupi iliyofungwa vichwa vya SFP+ ncha zote mbili tangu kiwandani. Watu huziita zote "za shaba", na hapo ndipo makosa ya manunuzi yanapoanzia, maana tabia zake hazifanani hata kidogo.

DAC ile isiyo na chipu za kukuza mawimbi ni waya tu. Swichi inasukuma mawimbi yake, upande wa pili unayapokea, basi. Inakula sehemu ya kumi hivi ya wati. Moduli ya RJ45 ni mashine kamili. Inapokea biti kutoka kwenye swichi, inazipanga upya na kuzipeleka kwenye jozi nne za waya, na kila jozi inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Fikiria unamsikiliza mtu aliye mbali huku wewe mwenyewe unapiga kelele kwenye bomba hilohilo. Lazima uondoe mwangwi wako, uondoe na kelele za jozi jirani, ndipo usikie anachosema. Kwa gigabiti 10 hesabu hizo ni nyingi mno, na kila hesabu inageuka joto.

Sasa angalia namba. Kiwango cha SFP+ kilianza na madaraja mawili ya umeme kwa kila tundu, wati 1 na wati 1.5. Moduli ya RJ45 ya gigabiti 1 hula wati 1 hivi, haina matatizo. Zile za gigabiti 10 za kizazi cha mwanzo hula karibu wati 2.5. Yaani unaingiza kwenye tundu kitu kinachotaka umeme kuliko tundu lenyewe lilivyobuniwa kutoa, na juu ya hapo unakipanga bega kwa bega na wenzake.

Mimi nilizipanga hivyo. Swichi ilikuwa na matundu 24, nikayajaza yote. Asubuhi kila kitu kilikuwa kijani. Kufikia mchana viungo vya mtandao vilianza kukatika kimoja kimoja, vikirudi baada ya dakika chache, vikikatika tena, na mimi nikilaumu kebo. Nilibadilisha kebo tatu kabla ya kufungua mwongozo wa swichi. Mwongozo ulikuwa umeandika wazi ni matundu mangapi yanayoruhusiwa kubeba moduli za namna hiyo kwa mpigo, na kwamba ziachiwe nafasi. Maelezo haya yapo kwenye miongozo ya watengenezaji wengi, ila hukaa kwenye maandishi madogo chini ya jedwali, na jedwali lenyewe liko mwishoni. Yasome kabla ya kuagiza. Kama hayapo, ruka tundu moja kati ya kila moduli mbili, na usiweke moja juu ya nyingine pale matundu yanapokuwa safu mbili.

Joto hilohilo ndilo linaloeleza jambo jingine linalowachanganya wageni: umbali. Kiwango cha 10GBASE-T, yaani gigabiti 10 kwenye kebo ya RJ45, kilichotoka mwaka 2006, kinaahidi mita 100 kwenye kebo ya Cat6a (Cat ni daraja la ubora wa kebo). Lakini moduli nyingi za SFP+ zenye jina hilohilo zimeandikwa mita 30. Watengenezaji walipunguza nguvu ya kusukuma mawimbi ili moduli isiungue ndani ya tundu. Zipo za kizazi kipya zinazofika mita 80 au 100 kwa umeme mdogo zaidi, kwa hiyo usinunue kwa kusoma neno 10GBASE-T pekee. Tafuta namba mbili kwenye karatasi ya maelezo: mita na wati. Muuzaji asiyeweza kukupa zote mbili, achana naye.

Kabla ya yote hayo lakini, jiulize kama unaihitaji kweli. Kama vifaa vyote viwili vina matundu ya SFP+ na viko kwenye raki moja, chukua DAC. Haipati moto, haina cha kuharibika, na hata ucheleweshaji wake ni mdogo: karibu maikrosekunde 0.3, wakati 10GBASE-T huongeza maikrosekunde mbili na zaidi kila kiungo. Kama vifaa viko mbali, tumia fiba. Kama viko kwenye majengo mawili tofauti, tumia fiba hata kama ni mita 20 tu, kwa sababu shaba inayounganisha majengo hubeba tofauti za umeme wa ardhini na radi ikipiga hukuletea mpaka ndani ya swichi. Moduli ya RJ45 ina hali moja tu inayoifaa: swichi yako ina matundu ya SFP+ matupu, na upande wa pili kuna kifaa chenye RJ45 tu ambacho huwezi kukibadilisha, au kuna kebo zilizokwisha pitishwa ukutani. Ukijikuta unaagiza moduli 20 za namna hiyo kwa mkupuo, ulipaswa kununua swichi yenye RJ45 tangu mwanzo.

Na ukishaamua, kumbuka kwamba moduli hii ina mazungumzo mawili, moja na swichi iliyoibeba, jingine na kifaa kilicho mwisho wa kebo. Mimi nilichukua muda mrefu kulielewa hili, na nadhani matatizo mengi ninayoitwa kuyatatua yanatokana nalo.

Chukua moduli ya gigabiti 1. Kwa nje zote zinafanana. Kwa ndani, nyingine huzungumza na swichi kwa njia ya SGMII, inayoziwezesha kushuka hadi megabiti 100 au 10 kifaa cha mbali kikihitaji. Nyingine hutumia 1000BASE-X, na hizo zinajua gigabiti 1 tu. Ukiwa na kifaa cha zamani cha megabiti 100, kama printa au kidhibiti cha mitambo, moduli ya pili haitawasha taa hata ubadilishe kebo mara kumi. Na hata ile ya kwanza inahitaji swichi inayokubali SGMII kwenye tundu hilo. Muulize muuzaji swali hilo kwa jina lake. Akisita, una jibu.

Kwenye gigabiti 10 ujanja ni mkubwa zaidi. Moduli nyingi hutangazwa kuwa zinaweza kasi nne, 10, 5, 2.5 na 1, na ni kweli, ila ni kweli kwa upande wa kebo. Kwa upande wa swichi nyingi kati yake hubaki kwenye gigabiti 10 siku zote. Swichi inaamini barabara ni pana, inamwaga pakiti za data kwa kasi hiyo, na moduli inajikuta na kebo ya gigabiti 1 mbele yake na bafa ndogo ya kuhifadhia. Bafa ikijaa, pakiti zinatupwa. Niliwahi kuitwa mahali ambapo seva ilipokea mafaili polepole ajabu lakini kuyatuma ilituma vizuri tu. Skrini ya swichi ilisoma gigabiti 10, hakuna hata kosa moja. Seva kumbe ilikuwa na kadi ya gigabiti 1. Dalili ni hiyo, upande mmoja wa safari mzuri, wa pili mbovu, na swichi haina habari. Baadhi ya moduli huweza kuiambia swichi ipunguze mwendo kwa pakiti za kusimamisha, kama umeruhusu udhibiti wa mtiririko kwenye poti hiyo, yaani tundu hilo. Dawa ya uhakika ni kutochanganya kasi: kifaa cha gigabiti 1 kipe moduli ya gigabiti 1.

Tabia nyingine ya upande wa swichi: zipo moduli zinazoiambia swichi kiungo kiko hai hata kebo ikiwa imechomolewa. Ukiwa umeunganisha viungo viwili kuwa kimoja bila LACP, itifaki ya kusimamia viungo vilivyounganishwa, swichi itaendelea kupeleka nusu ya pakiti kwenye kebo isiyoelekea popote. Washa LACP, ambayo hubadilishana ujumbe na upande wa pili na kugundua ukimya.

Kuhusu kebo sitakaa sana, kuna mengi yaliyokwisha andikwa. Gigabiti 1, kiwango cha mwaka 1999, kinatosheka na Cat5e kwa mita 100. Gigabiti 10 kwenye Cat6 hesabu mita 55 kwa matumaini, pungufu kama kebo nyingi zimefungwa fungu moja kwa kukazwa, kwa sababu kebo jirani hupigiana kelele. Gigabiti 2.5 na 5 ziliwekwa kwenye kiwango mwaka 2016 kwa ajili ya watu wenye Cat5e na Cat6 ukutani wasiotaka kuzing'oa, na mara nyingi ndizo jibu la busara kuliko kulazimisha 10. Mita 100 zinajumlisha na vile vipande vifupi vya kwenye raki na mezani. Kwa kawaida 90 ukutani na 10 za vipande. Na kata ncha ya kebo usiyoiamini, ikwaruze kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, usiipeleke karibu na gigabiti 10.

Juu ya 10 hadithi inabadilika. Kiwango cha gigabiti 25 na 40 kwa RJ45 kipo tangu 2016, kwa kebo ya Cat8 na mita 30, lakini vifaa vyake havikusambaa. Shaba ya gigabiti 25 na kuendelea maana yake ni DAC, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo kebo inavyofupishwa: mita 5 pale kila njia ya data ndani ya kebo inapobeba gigabiti 25, mita 3 ikibeba 50, mita 2 ikibeba 100. Hapa kuna mtego ulioninyima usingizi usiku mmoja mzima. Kwenye gigabiti 25, kebo ya mita 5 inahitaji urekebishaji makosa uitwao FEC uwe umewashwa, na uwe wa aina moja pande zote mbili. Swichi yangu ilikuwa na aina moja, kadi ya seva aina nyingine, kiungo hakikuwaka, na kebo haikuwa na kosa lolote. Siku hizi natazama FEC kabla ya kugusa kebo. Na DAC ipime kwa kamba, si kwa macho: pitisha kamba njia itakayopita kebo, pamoja na mikunjo yake, ndipo uagize. Nene ndiyo hufika mbali, na nene haipendi kukunjwa.

Kisha kuna suala la utambulisho. Ndani ya kila moduli na kila kichwa cha DAC kuna kumbukumbu ndogo inayoiambia swichi jina la mtengenezaji na uwezo wa moduli. Baadhi ya swichi hukataa jina zisilolijua. Wauzaji huweza kuandika utambulisho unaoufaa mfumo wako, na kwa DAC wanaweza kuandika tofauti kila ncha, kwa hiyo waambie modeli ya vifaa vyote viwili. Hata zikikubaliwa leo, jaribu poti mbili kwanza kila unaposasisha programu ya swichi. Niliwahi kusasisha swichi usiku, ilipowaka tena poti kadhaa zilibaki giza, na nikalazimika kurudisha toleo la zamani kabla watu hawajaingia kazini.

Usitegemee moduli ya RJ45 ikupelekee umeme wa PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) kwa kamera au kifaa cha Wi-Fi, haifanyi hivyo. Usishangae pia amri ya Linux kama ethtool -m isipokuonyesha nguvu ya mawimbi kama kwenye fiba. Ukibahatika utapata kipimo cha joto, na hicho ndicho cha kukifuatilia.

Agiza mbili tu kwanza. Ziweke kwenye matundu yaliyo katikati ya moduli nyingine zinazofanya kazi, funga mlango wa raki, pitisha data pande zote mbili kwa saa 24, kisha usome idadi ya makosa kwenye poti. Jaribio la dakika tano mezani, huku kila kitu kikiwa wazi na kiyoyozi kikipuliza, halisemi chochote kuhusu mchana wa saa nane. Wakati wa kuzitoa, chomoa kebo ya RJ45 kwanza, maana kishikio cha moduli hakifunguki ikiwa kebo imo. Kwenye safu ya chini moduli hukaa kichwa chini, na kile kilimi cha plastiki cha kebo kinabanwa mahali ambapo kidole hakifiki; mimi hubeba kipande chembamba cha plastiki ngumu kwenye begi kwa kazi hiyo.