Nani kakosea, mimi au majibu ya nyuma?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza vipuri vya baiskeli hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, na mwaka huu nafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilinunua steshenari kopi ya majaribio ya Kiingereza, majibu yako nyuma. Mawili yananitatiza. Moja: “No sooner had the bus reached Segera ___ it broke down.” Tuchague when, then, that au so, jibu lao ni when. Jingine, muuzaji anauliza “Haven't you paid?” na mteja kweli hajalipa. Wameandika “Yes, I haven't.” Mwenzangu anasema ndivyo. Halafu used to nayo sijaielewa bado. Nisaidie.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali la Segera limeharibika kabla ya basi lenyewe: hakuna jibu sahihi hata moja. Sooner ni neno la kulinganisha, kama bigger na better, na hayo hufuatwa na than. When inakwenda na hardly: “Hardly had the bus reached Segera when it broke down.” Aliyeandika majibu kachanganya hizo mbili. Nadhani mtunzi alikusudia than, mchapaji akabonyeza e penye a. Irekebishe kwa kalamu uendelee. Ila had kuwa mbele ya the bus usiiguse, iko sawa. Sentensi ikianza na no sooner au hardly, kitenzi kisaidizi hutangulia.

Hilo la pili ndilo hasa, maana linatunasa Waswahili wote, na naona hata mwandishi wa majibu limemnasa. Dukani kwako ukimuuliza mtu “Hujalipa?” atakujibu “Ee, sijalipa.” Ee yake inakukubalia wewe uliyeuliza: umesema kweli, sijalipa. Yes ya Kiingereza haimjali muulizaji wala swali lilivyoulizwa, inatazama kitenzi kinachofuata tu. Kalipa, ni “Yes, I have.” Hajalipa, ni “No, I haven't.” Muulizaji aanze na have you au haven't you, jibu ni lile lile. Kwa hiyo funika swali kwa kiganja, usome jibu peke yake. Ukiona yes na not wamekaa pamoja kwenye jibu fupi kama hilo, kata. Mwenzako mwambie Kiswahili chake ni safi, ila hapo hakikutakiwa.

Jirani yake mtego huo ni mind. Kijana anasimama mlangoni na baiskeli, tairi limelala: “Would you mind if I borrowed your pump?” Wewe kwa ukarimu unasema “Yes!” Umemnyima pampu. Kakuuliza kama utaona vibaya, nawe umejibu naam, nitaona vibaya. Sema “Not at all,” ajaze upepo aende zake. Wenyewe Waingereza wakati mwingine husema yes na pampu wakakupa, lakini msahihishaji hakuoni ukinyoosha mkono.

Used to ni nyepesi. “I used to ride to Pongwe”: zamani nilikuwa nikienda kwa baiskeli, siku hizi siendi. “I am used to riding to Pongwe”: nimezoea, hata leo naenda. Penye am, is au are kabla ya used, kwa maana hiyo ya kuzoea, kitenzi kinachofuata kiwe na ing. “I am used to ride” ni kosa, hata likiwa limepigwa tiki.

Na fedha ya kopi nyingine usiitoe. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina mitihani ya miaka iliyopita, na iko taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, yenye picha za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Pakua ya English Language, uanze na yale mabaya.