Ukishona Zawadi ya Nyumbani, Fikiria Beseni la Kufulia

Kabla hujashika mkasi, jiulize zawadi unayotaka kushona itafuliwaje. Nyumba nyingi za kwetu hufua kwa mkono. Kitu kinalowekwa kwenye sabuni ya unga, kinasuguliwa, kinakamuliwa na watu wawili kila mmoja akishika upande wake, kisha kinaanikwa juani. Mfarishi, yaani tandiko la vipande vilivyoungwa, uliomshonea mjukuu, foronya za bibi, kishikio cha sufuria cha wifi yako, vyote vitapita humo. Nimeona kazi nzuri za wanaoanza zikifungiwa kabatini kwa sababu aliyepewa aliogopa kuzifua, na hilo linaniuma, maana tunashona ili vitumike. Ndiyo sababu karibu kila ninachomwambia mgeni wa kazi hii kinaanzia kwenye beseni.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Mahali rahisi pa kukipata ni kwa mafundi cherehani, ambao mabaki ya vitenge hujaa chini ya meza zao. Omba kwa adabu, mpe fundi chochote, mwambie akuwekee fungu kila wiki. Tatizo ni kwamba fungu hilo huja limechanganyika, na siku hizi poliesta nyingi imechapwa maua yale yale ya kitenge. Chomoa nyuzi chache pembeni, zichome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Ukiviunga pamoja, pamba itarudi, yaani itapungua, ikifuliwa na poliesta haitarudi, na mfarishi utajikunja kila penye kiungo. Pasi ya moto inayotakiwa na pamba nayo itaiunguza poliesta.

Kisha fua kila kipande kabla ya kukikata. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, kikiingia majini wanga unatoka na kitambaa kinarudi kidogo. Khanga nyekundu, nyeusi na bluu iliyokolea huchuja rangi, kwa hiyo loweka kila rangi peke yake na ubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Kikikauka, kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha alama, bado. Wengi hutia chumvi, nami simkatazi mtu, lakini kitambaa kinachoendelea kuchuja baada ya kufuliwa mara kadhaa kitachuja hata ukitia kilo ya chumvi. Kiweke kando, utakishonea kitu cha rangi moja. Kipande kimoja chekundu kinaweza kuharibu mfarishi mzima wenye weupe ndani yake.

Khanga za mama au bibi zinataka uangalifu wa pekee. Khanga ina pindo, mji na jina, na wanaoanza hukata yote sawasawa kwa patani ya boksi, jina likabaki vipande vya herufi visivyosomeka. Usifanye hivyo. Kata jina zima kama utepe mrefu, uliweke katikati ya mfarishi au ukingoni mwa upande wa chini, halafu vipande vingine uvipange kulizunguka. Mtoto atakayelala juu yake siku moja atausoma ujumbe uliochaguliwa na bibi yake, na hilo haliuzwi katika duka lolote. Lakini lisome kwanza. Khanga nyingi zilinunuliwa kwa mafumbo, na jina lililokusudiwa mke mwenza au jirani wa miaka ile likimfikia mama mkwe ndani ya zawadi, hakuna maelezo yatakayosaidia. Majina kama "Nani kama mama" hayana neno.

Wala usione kuunga vipande ni ufundi wa kigeni. Katika karne ya 19, kabla khanga haijachapwa nzima, wanawake wa pwani walinunua leso za mraba na kuziunga sita, tatu kwa mbili, wakapata nguo moja ya kujifunga. Mpaka leo Mombasa khanga inaitwa leso.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa. Mfarishi wa mtoto wa inchi kama 36 kwa 45 unatoka kwenye vipande 80 vya mraba vya inchi 5, nane kwa upana na kumi kwa urefu. Ukishona kwa mshono wa robo inchi, kila kipande kikishaungwa pande zote kinabaki inchi 4 na nusu. Tuseme katika mstari mmoja mshono wako umekula moja ya nane ya inchi zaidi. Ni kidogo mno, hata jicho halioni. Lakini kila kiungo kina pande mbili, kwa hiyo umepoteza robo inchi, na mstari wa vipande nane una viungo saba. Mstari umepungua inchi moja na robo tatu, na hautakutana na mwenzake ulioushona sawa. Ukiuvuta ufike, mfarishi utavimba katikati na kila ukifuliwa utavimba zaidi. Dawa yake ni rahisi: pima robo inchi kutoka kwenye sindano, bandika plasta kwenye bati la cherehani, na kitambaa kifuate ukingo wa plasta hiyo. Cherehani ya mkono ya Singer au Butterfly inatosha kabisa kwa kazi hii. Kwa mgeni naiona hata bora, kwa sababu inakwenda kwa mwendo wa mkono wako.

Kwa khanga iliyochakaa, ambayo nyuzi zake zimelegea, robo inchi itafumuka kwa kusuguliwa. Kata vipande vya inchi 5 na nusu, mshono uwe nusu inchi. Vitabaki inchi 4 na nusu kama vile vya kitenge.

Kila ukimaliza mstari, upige pasi. Mishono ya mstari wa kwanza ilaze kulia, ya mstari wa pili kushoto, na kuendelea hivyo kwa zamu. Ukiunganisha mistari, mshono mmoja utakaa ukingoni mwa mwenzake na pembe zitakutana zenyewe. Anayetumia pasi ya mkaa atandaze kitambaa safi juu ya kazi, maana chembe moja ya jivu ikishikana na kitenge cheupe haitoki.

Katikati unatia nini? Inategemea unapoishi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa usitie kitu, uso wa vipande na khanga moja nzima chini vinatosha. Kwenye baridi ya Makete, Njombe au Limuru, tafuta blanketi jepesi lililokwisha tumika, ambalo limerudi kiasi chake tayari. Usishawishike kutumia blanketi zito. Likilowa, mama mmoja hawezi kulikamua, nalo litakaa na maji mpaka linuke uvundo. Sufi tuliyorithi kwa wazee ni nzuri kwa mito, lakini ndani ya mfarishi hukusanyika mabonge pembeni baada ya kufuliwa.

Tandaza matabaka yako sakafuni, piga bandi, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikiza, kwa uzi mrefu kuanzia katikati kwenda nje, halafu ndipo ushone mishono ya kuyashika. Isiachane zaidi ya upana wa kiganja. Kwa pindo la nje kata tepe za upana wa inchi 2 na nusu. Nne za upana wote wa kitenge zinatosha kwa shida, kwa hiyo kata tano. Zikunje mara mbili, shona upande wa mbele kwa cherehani, geuza nyuma umalizie kwa mkono. Pindo ndilo linaloshikwa wakati wa kukamua na ndilo linaloanza kufa, kwa hiyo lishone mara mbili.

Usiye na cherehani usingoje. Katika jimbo la Karnataka, India, wako Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wao wakifikishwa huko na biashara ya utumwa. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Hutandaza sari kuukuu, wakaanza kwenye ukingo, wakakunja kingo za kila kiraka na kukishona kwa bandi ndogo ndogo, wakizunguka kuelekea ndani mpaka wakutane katikati. Pembe nne humaliziwa kwa vitambaa vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Hapo hakuna kuhesabu robo inchi, kila kiraka kinajitafutia mahali pake, na bandi hizo hushika matabaka yote kwa pamoja. Kwa mtu mwenye sindano, uzi imara na kastabini ya kukinga kidole, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Vitu vidogo havina mengi. Kishikio cha sufuria kitie taulo kuukuu la pamba, matabaka mawili, kamwe usitie sponji wala poliesta, zitayeyuka mkononi mwa mtu. Mfuko wa sokoni wa kitenge unapendwa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Mikanda yake ishonee mraba wenye alama ya msalaba ndani, la sivyo viazi vitaing'oa. Kwa mtoto mdogo usiweke vifungo wala shanga. Na mfarishi wa mtoto asiyefika mwaka mmoja ni wa kutandika chini akicheza huku mkubwa akimwangalia, usiachwe juu yake akilala peke yake.

Ukimaliza, ufue mwenyewe kabla ya kuupeleka, kwa sabuni ile ile watakayotumia, na uukamue kwa nguvu. Palipofumuka rudia mshono. Vipande viwili vitatu vya kila kitambaa ulichotumia vifunge kwenye mfuko uviweke, kwa sababu mfarishi unaotumika kila siku utachanika mahali, na utaletewa uutie kiraka.