Ndoa ya kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi
Umeuliza kama ndoa ya kanisani inaweza kugeuzwa iwe ya wake wengi. Hapana ndugu, aliyefunga ndoa kanisani pale Ndanda hawezi kwenda kwa hakimu akaigeuza iwe ya wake wengi, hata mkewe akiridhia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 11, inawaruhusu wanandoa kubadili aina ya ndoa kwa hiari yao, lakini Wakristo waliofungishwa kanisani imewazuia maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Hapo fundisho la kanisa limeingia moja kwa moja kwenye sheria ya nchi. Nilikuwa katekista huku Masasi. Kabla ya kutangaza majina ya wachumba Jumapili nilikuwa nawasomea kifungu hicho polepole, maana wengi hawakijui. Ila talaka inatolewa na mahakama, si padri.