Kuhusu Nyumba ya Columbus: Barua kwa Mwanangu

Changamwe, Mombasa

Mwanangu mpenzi Athumani,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa miwani ya marehemu baba yako kwa sababu yangu imevunjika kishikio. Unasema umechoka kupanga, na kwamba kule Columbus, Nebraska, unakoegesha lori kila urudipo kutoka Sacramento, umeona nyumba ndogo ya mbao yenye uwanja nyuma, na bei yake unaimudu. Kisha unaeleza kwamba mwenzako wa kazini, ambaye kwa upande wa mama ni Mpawnee, kabila la wenyeji wa asili wa nchi hiyo, alicheka ulipomwonyesha picha, akasema umechagua vizuri, maana wazee wake nao walipapenda hapo. Ndipo ukaniuliza: yule mhamiaji wa kwanza aliyepewa ekari zake 160 katika nchi ile, alikuwa mwizi? Na wewe ukinunua, utakuwa umenunua mali ya wizi?

Swali lako nitalijibu, lakini niache nianzie relini. Wewe ni mjukuu wa mtu wa reli, na barabara unayoendesha kwenda magharibi inaandamana na reli ile kwa mamia ya maili. Unajua ninavyosema siku zote, na najua mnanicheka: kabla hujasoma hotuba, soma daftari la mishahara.

Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vimepamba moto, Rais Lincoln alitia saini sheria mbili ndani ya wiki sita. Ya kwanza, ya tarehe 20 Mei, ilimpa ekari 160 za ardhi ya serikali mtu yeyote aliye mkuu wa kaya au aliyetimiza miaka 21, awe raia au mhamiaji aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitano na kulipa ada ndogo. Ya pili, ya tarehe 1 Julai, ilizipa kampuni mbili kazi ya kuvusha reli hadi Bahari ya Pasifiki: Union Pacific ianzie Omaha, Central Pacific ianzie Sacramento, zikutane zitakapokutana. Sheria hiyo ilipopanuliwa mwaka 1864, kila maili ya reli ikawa inaiingizia kampuni ekari 12,800, mbali na mkopo wa serikali wa dola 16,000 kwa maili ya tambarare na dola 48,000 kwa maili ya milimani. Piga hesabu mwenyewe, maana hesabu hukuwa mbovu: maili moja ya reli ni sawa na kaya 80 zilizovuja jasho miaka mitano mitano. Hayo maneno "ardhi ya serikali" yaweke kando, nitayarudia.

Sasa tazama daftari. Kuanzia mwaka 1865 Central Pacific, iliyokuwa haipati wazungu wa kutosha wa kukaa kazini, iliajiri Wachina, wengi wao kutoka Guangdong, mpaka wakazidi 10,000. Kule Sierra Nevada, karibu na mahali unaponiambia lori lako huvalishwa minyororo ya theluji, walitoboa handaki la futi 1,659 katika mwamba wa itale, kwa nyundo, patasi na baruti, na baadaye kwa nitrogliserini, na siku nyingi mwamba haukurudi nyuma hata futi mbili. Wengine walifunikwa na maporomoko ya theluji wakiwa kambini. Mshahara wao ulikuwa dola thelathini na kitu kwa mwezi, na chakula walijinunulia, ilhali mzungu alilishwa na kampuni juu ya mshahara wake. Mwezi Juni mwaka 1867 maelfu yao waliweka nyundo chini wakidai nyongeza na saa pungufu za kazi. Hawakupiga mtu wala kuvunja kitu. Charles Crocker, aliyekuwa akisimamia ujenzi, alikata chakula kisiwafikie huko mlimani, na katika muda wa wiki moja hivi njaa ikawarudisha kazini.

Lakini linalonikereketa mimi ni lile daftari lenyewe. Katika orodha za mishahara za Central Pacific, Wachina wengi hawakuandikwa mmoja mmoja. Lililoandikwa ni jina la mnyapara wa genge, na chini yake idadi ya watu na siku walizofanya kazi. Tarehe 28 Aprili 1869, kampuni ilipotaka kujigamba, ilitandika maili 10 za reli kwa siku moja, na majina ya Waayalandi 8 waliobeba vile vyuma yamehifadhiwa yote mpaka leo. Wachina waliokuwa mbele yao na nyuma yao siku hiyohiyo, wakisawazisha tuta na kushindilia kokoto, hawana hata jina moja katika orodha hiyo ya sifa.

Hapa lazima nikusimulie jambo ambalo dada yako analijua na wewe hulijui, kwa kuwa ulikuwa bado unatambaa. Nilitunga mtihani wa majaribio wa kidato cha pili, na katika mada ya kukua kwa viwanda vya Marekani niliuliza: ni nani waliojenga reli ya kwanza ya kuvuka bara lile? Mwongozo wangu wa kusahihisha ulitaka majina ya kampuni mbili, alama mbili. Msichana mmoja mwembamba, aliyekaa karibu na dirisha, aliandika kwamba ilijengwa na Wachina kutoka magharibi na Waayalandi kutoka mashariki. Nilipiga mstari mwekundu na kuandika sifuri. Alikuja mezani kwangu na karatasi yake, akasimama kwa adabu, akaniuliza: "Mwalimu, kampuni ina mikono?" Nikamjibu kwa ukali kwamba asome alichoulizwa.

Usiku ule, tukila wali na samaki wa kupaka, nikakisimulia kisa hicho mezani kama kichekesho. Babu yako alikuwa na tonge mkononi. Unakumbuka alivyokuwa mtu wa genge la reli la Mazeras, akilaza mataruma na kukaza misumari jua kali miaka 22, na kwamba lile sanduku la bati ambalo dada yako anawekea kanga ndilo alilostaafu nalo. Alilirudisha tonge sahanini, akasema, "Basi na mimi ungenipa sifuri," akaenda kunawa. Hakuongeza neno, wala hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki. Na yule msichana sikumrudishia alama zake. Nilijipa udhuru kwamba matokeo yalikwisha kupelekwa ofisini, na hadi leo najua kwamba ofisi ilikuwa hatua ishirini na kalamu nyekundu ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza wimbo wangu wa daftari la mishahara. Nilifundisha hivyo miaka yote iliyobaki: kwamba tarehe 10 Mei 1869, pale Promontory katika Utah, reli mbili zilipokutana na Leland Stanford, rais wa Central Pacific, alipoinua nyundo kugonga msumari wa dhahabu, inasimuliwa kwamba alikosea akapiga pembeni, kwamba katika picha maarufu ya siku hiyo, yenye vichwa viwili vya garimoshi, chupa na watu wanaopeana mikono, nyuso za Wachina ni taabu kuzipata, na kwamba miaka 13 tu baadaye, mwezi Mei mwaka 1882, Bunge la nchi hiyohiyo lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia, sheria iliyofutwa mwaka 1943 tu. Na wewe unapita Rock Springs, Wyoming, kila safari, ukinunua kahawa. Tarehe 2 Septemba 1885, wachimbaji wazungu wa makaa ya mawe ya reli, ambao wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Uingereza, Ayalandi na nchi za Skandinavia, waliwavamia wachimbaji wa Kichina kwa ugomvi wa kazi na mshahara, wakaua watu 28 na kuchoma nyumba zao. Hakuna aliyetiwa hatiani. Mhamiaji alimuua mhamiaji, na mwenye mgodi akaendelea kuuza makaa.

Nilipofika hapo katika kuandika, niliweka kalamu chini na kuchemsha chai, kwa sababu niliona kosa langu. Nimekujibu habari ya mtu aliyefanya kazi bila kuandikwa jina, na wewe umeniuliza habari ya mtu aliyekuwa mwenye ardhi. Daftari langu la mishahara halimwonyeshi Mpawnee, na kama ningelitegemea hilo peke yake ningesema nchi ilikuwa tupu, jambo ambalo ndilo hasa wanasiasa wa Washington walilopenda kusema.

Tena hata hilo si kweli kabisa, maana Wapawnee wako katika daftari moja, la jeshi. Walipigana na Walakota, kabila jingine la wenyeji, kwa miaka mingi, na serikali ikawaandikisha vijana wao kuwa askari chini ya Frank North, wakailinda Union Pacific ilipokuwa ikijengwa kukatiza Nebraska. Waliilinda reli iliyowaletea walowezi. Kwa mkataba wa mwaka 1857 walikwisha kuachia nchi yao kubwa na kubakiwa na eneo dogo kando ya mto Loup, pale Genoa, si mbali na hiyo nyumba yako. Kufikia mwaka 1875 walikuwa wamehamishiwa kusini, nchi ambayo sasa ni Oklahoma. Na mwaka 1884, katika ardhi ileile waliyoondolewa, serikali ilifungua shule ya bweni ya kuwafundisha watoto wa makabila mbalimbali ya wenyeji wasahau lugha zao. Kama mwalimu, hilo linaniuma kuliko ekari.

Sasa yule mlowezi. Nikikumbuka Mswidi au Mcheki aliyefika Nebraska na mke, watoto na jembe, akajenga nyumba ya matofali ya majani na udongo kwa kuwa miti haikuwepo, siwezi kumwita mwizi; karatasi yake ilikuwa na mhuri. Nikiwakumbuka watu weusi waliotoka utumwani, wakaanzisha mji wa Nicodemus katika Kansas mwaka 1877, na wale maelfu waliowafuata katika jimbo hilo mwaka 1879 wakikimbia mateso ya Mississippi na Louisiana, ulimi wangu unakataa kabisa. Lakini Wakansa, wenyeji ambao jimbo hilo limepewa jina lao, walikuwa wamekwisha kuhamishwa mwaka 1873. Mtu aweza kuwa amedhulumiwa kweli na bado akalala juu ya kitanda cha mwingine. Halafu nikikumbuka tarehe 22 Aprili 1889 kule Oklahoma, watu kama 50,000 wakisubiri saa sita mchana ipigwe ili wakimbilie viwanja kwa farasi na magari, huruma yangu inapungua. Na nikiisoma sheria ya mwaka 1887 iliyoyakatakata maeneo ya wenyeji kuwa vishamba vya mtu mmojammoja na kuyauza yaliyobaki, hata ardhi yao ikashuka kutoka ekari milioni 138 hadi milioni 48 kufikia mwaka 1934, huruma hiyo inakwisha, ingawa walioandika sheria hiyo walijiita marafiki wa wenyeji.

Unaona ninavyokwenda na kurudi. Neno liko hapa mdomoni, na kama ungekuwa jikoni hapa ungelipata, lakini wewe ndiye utakayelala ndani ya nyumba hiyo na kuonana na huyo mwenzako asubuhi. Nisikuhukumie kutoka Changamwe. Wala usidhani sisi huku tulikuwa mbali. Bibi yangu aliita kitambaa cheupe kisichopaushwa marikani kabla hajajua kama kuna nchi ya jina hilo. Kitambaa hicho kilikuja pwani kwa merikebu za Salem, bandari ya Marekani, na pamba yake ililimwa na watumwa. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara mpaka pwani zilipita Unguja zikaenda Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vibao vya piano, wakati ambapo kila familia ya Marekani iliyojiona imeendelea ilitaka piano sebuleni, huko magharibi pia.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kutia saini chochote. Mwombe wakili akutolee mlolongo wote wa waliomiliki kiwanja hicho, tangu hati ya kwanza. Wa kwanza kabisa ataandikwa kuwa ni serikali ya Marekani, na hapo ndipo urudie yale maneno niliyokuambia uyaweke kando. Anayefuata huenda ni mtu wa ekari 160, au kampuni ya reli. Niandikie ni nani, kwa jina lake kamili, na huyo mwenzako mwonyeshe karatasi hiyo kabla hujanionyesha mimi. Na uniambie nyumba iko umbali gani kutoka relini, maana usingizi wako naujua.

Dada yako anakusalimu, na miwani yangu ukipata mtu anayekuja, usisahau.

Mimi mama yako.