Nyumba inayongoja mtoto: anza na chumba, maduka baadaye

Orodha nyingi za maandalizi huanza dukani: beseni lenye kiti, kitanda chenye pazia, viatu vya mtoto ambaye hatakanyaga chini mwaka mzima. Hivyo vinaweza kusubiri. Kisichoweza kusubiri ni chumba atakacholala mzazi na mtoto siku arobaini, nacho kiwe tayari ifikapo wiki ya 36. Mtoto wa wiki ya 37 ameshatimia, na anayengoja tarehe aliyoandikiwa kwenye kadi ndipo afue nepi, mara nyingi hukutwa hajafua.

Tatizo kubwa la chumba ni jiko la mkaa. Pwani mzazi hukandwa kwa maji ya moto, basi madirisha hufungwa, jiko huingizwa ndani na mlango hurudishiwa ili baridi isimwingie. Watu husubiri moshi uishe wakidhani sasa ni salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hupoteza fahamu usingizini. Maji yachemshiwe nje, yaingizwe kwa ndoo yenye mfuniko. Wakubwa wakihofia baridi, hofu yao ina msingi, kwani mtoto mchanga hupoa upesi kweli. Dawa yake ni kofia, soksi, na kumlaza kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wote wawili wakifunikwa khanga. Kuoga nako kungoje angalau saa 24 baada ya kuzaliwa. Udi na ubani vifukizwe sebuleni, si kwenye nguo za mtoto.

Chandarua kipya chenye dawa kitundikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika, la sivyo dawa huwasha ngozi na macho. Kiwe kipana, ncha zake zichomekwe chini ya godoro. Mtoto alale chali, mahali pasipo mito wala blanketi zito.

Sasa nepi. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo 24 za kitambaa zinatosha siku mbili. Masika nguo hazikauki, ongeza ziwe 36. Si lazima ununue zote. Khanga moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa 110, ukiikata tatu kwa mbili unapata vipande sita vya sentimita 50 kwa 55. Doti mbili kuukuu zimekupa 24. Tumia kuukuu kwa makusudi, maana khanga mpya ina gundi ya kiwandani na hainywi maji. Usiku weka vipande viwili pamoja. Unapofunga, ukunje upande wa mbele ushuke chini ya kitovu, mkojo usikifikie. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa inaweza kuleta vipele vya makalioni, basi suuza maji matatu au mpaka povu liishe.

Kuanika nako kuna hila yake. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Funza wake huingia kwenye ngozi, ukaona jipu lenye tundu dogo katikati. Anika kwenye kamba, juani, kisha piga pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono.

Nguo za kurithi ni baraka, ila zinuse kwanza. Zikinuka naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, usimvalishe. Kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao si wachache ukanda wa pwani, naftalini huvunja chembe hizo na kuleta manjano kali, yaani ngozi na macho kugeuka njano. Fua na uanike mpaka harufu iishe kabisa.

Begi la hospitali lifuate orodha ya kliniki yako, kwani vituo hutofautiana. Ongeza nauli taslimu na namba za madereva wawili wanaopokea simu usiku. Mmoja hatoshi.

Mazungumzo na bibi zake mtoto yafanywe mapema, siyo siku mtoto analia. Miezi sita ni maziwa ya mama tu, yakiwemo yale mazito ya njano ya mwanzo. Asali hapana, maji hapana, dawa ya chango hapana. Kitovu kisipakwe majivu, mafuta wala mate. Kiachwe kikavu, isipokuwa kliniki imekupa dawa yake.

Mwisho, kipimajoto cha dijitali na karatasi moja mlangoni. Andika: hanyonyi, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, degedege, kitovu chekundu au chenye usaha, manjano iliyofika viganjani na nyayoni. Moja tu kati ya hayo linatosha kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata saa nane za usiku. Jua la asubuhi halitibu manjano ya namna hiyo. Chini ya karatasi andika zile namba mbili za madereva, kwa herufi kubwa, ili hata dada wa kazi aweze kupiga.